Mtambo wa Tatu Hautawashwa

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimewaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kwamba kila mmoja ataandika shajara ya kazi muhula mzima, hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Sohvi Kangasniemi, anayekaa kiti cha mbele na kuuliza maswali kama wakili wa upande wa pili, akanyoosha mkono.

"Na wewe Raakel, utaandika?"

Darasa likacheka. Nikasema nitaandika. Basi ndiyo hii.

Nimewaagiza waanze kwa kujitambulisha, nami nifuate sheria yangu. Raakel Ylitalo, mhadhiri wa kemia ya betri, chuo cha Kaskiniemi. Kabla ya hapo nilikuwa mhandisi katika kiwanda cha simu, mpaka dunia ikaacha kununua simu zetu. Kilipojengwa kiwanda cha betri nje ya mji, chuo kilianzisha shahada kwa ajili yake na mimi nikaombwa niisimamie. Masika wanafunzi hawa watakwenda mazoezi ya kazini kwenye Mtambo wa Tatu, ambao mafundi wanausimika sasa hivi. Wakihitimu, wanaajiriwa hapo hapo. Ndivyo lisemavyo bango kubwa la mlangoni kwetu, lenye picha ya kijana anayecheka.

Alhamisi, 5 Septemba

Supu ya njegere. Mvua.

Jumanne, 10 Septemba

Nimesahihisha barua zao za maombi ya kazi. Karibu zote zinaanza "Kwa shauku kubwa na moyo wa kujituma". Wameiachia kompyuta iwaandikie, nayo imewapa wote mdomo mmoja. Nimezisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kutaja majina. Kwa barua ya tatu walitabasamu, kwa ya sita wakaanza kutazama meza. Taneli Hakola, kijana wangu mwepesi wa mzaha kuliko wote, anayevaa ovaroli ya njano ya wanafunzi wa shahada yetu, yenye viraka, hata mahali pasipohitaji ovaroli, akasema, "Lakini Raakel, si Kiwanda kinatuchukua hata tukiandika mapishi?"

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka.

Jumapili, 22 Septemba

Chakula cha mchana kwa Ilmari, mdogo wangu. Yeye ni msimamizi wa zamu kwenye Mtambo wa Tatu. Kiwanda cha simu kilipotutema sote wawili, mimi nilipata chuo, yeye akaenda Norway kuchomelea mabomba. Watoto wake walimjua kwa simu. Kiwanda cha betri ndicho kilichomrudisha nyumbani, na mkewe Pirkko hukitaja kama watu wanavyomtaja mkwe mwema.

Leo Ilmari hakuongea. Pirkko aliongea kwa ajili ya wote. Nilipomuuliza mtambo unaendeleaje, alisema, "Unaendelea," akainuka kwenda kutazama kuni ambazo hazikuhitaji kutazamwa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Ziara yetu ya Kiwandani imeahirishwa. Mara ya pili. Kalervo Siltala, mkuu wa idara, ananiambia wana shughuli nyingi. Kalervo ni mtu wa kusema "wana shughuli" hata nyumba ikiwaka moto. Nimefanya naye kazi miaka yote hii na sijawahi kumsikia akisema jambo ambalo lingemharibia chakula cha mchana.

Majani ya miti ya mibetula yameanguka yote kwa upepo wa usiku mmoja.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya kwanza ya kuwinda hirvi, yule mnyama mkubwa wa msituni mwenye pembe pana. Mimi siwindi, lakini nachuna na kukata nyama vizuri kuliko wanaume wa kundi la Ilmari, kwa hiyo huniita. Alasiri tulibaki wawili bandani, nyama ikining'inia kwenye kulabu, yeye akinoa kisu kilichokwisha kuwa kikali.

"Dada, nikikwambia kitu, utakaa nacho?"

"Inategemea ni kitu gani."

"Basi sisemi."

"Sema, Ilmari."

Akakiweka kisu chini. "Mtambo wa Tatu hautawashwa. Mteja mkubwa amevunja mkataba. Wiki hii tumeambiwa tuzifungue mashine tulizozifunga, tuzirudishe kwenye masanduku yake. Watu wa zamu yangu wanadhani tunabadilisha mpangilio. Mimi najua, wahandisi wawili wanajua, na walio juu."

Nikaacha kukata. "Na mitambo miwili iliyobaki?"

"Inazunguka. Mpaka lini, sijui."

Nikafikiria darasa langu. Mwanafunzi anayetaka kuhamia shahada nyingine bila kupoteza miaka aliyosoma ana nafasi hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo mlango unafungwa, na anabaki na shahada iliyokatwa na kushonwa kama nguo kwa mwili wa mtu mmoja ambaye sasa ameondoka. Nikamwambia hivyo.

Ilmari akakiokota kisu. "Mimi sikumwambia mwalimu. Nimemwambia dada yangu."

Tulimaliza kukata nyama. Nilipoondoka Pirkko alinipa fungu kubwa la paja, akaniuliza mbona nimepauka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa Kalervo, nikafunga mlango.

"Nafasi za masika pale Kiwandani hazipo," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Siwezi kumtaja."

"Una ushahidi?"

"Ninao ambao siwezi kuuonyesha."

"Basi huna." Akazungusha kikombe chake cha kahawa kwenye kisahani. "Raakel, wizara inaamua fungu la fedha za shahada yetu katikati ya Novemba. Tukianza kupiga kelele kwamba Kiwanda kinakufa, wataifuta shahada, na wanafunzi wako watakuwa hawana Kiwanda wala chuo. Umelifikiria hilo?"

"Nimefikiria tarehe thelathini na moja."

"Mimi sijasikia ulichosema," akasema. "Na wewe hujaingia humu."

Nilitoka. Mtu wa aina hii, nilijiambia, hata akizama atauliza kama boti ya kumwokoa imesajiliwa.

Jumatano, 16 Oktoba

Sina hamu ya kula. Baridi kali asubuhi, vioo vya magari vimeota barafu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nataka kuandika haya kama yalivyotokea, si kama ningependa yawe yametokea.

Niliingia darasani nikiwa nimeyapanga maneno yangu. Niliandika ubaoni: tarehe 31. Nikawaambia kwamba soko la kazi linabadilika haraka kuliko mitaala, kwamba mtu mwenye busara haweki mayai yote katika kikapu kimoja, na kwamba yeyote anayefikiria kuhamia umeme au kemia ya jumla aende ofisi ya usajili wiki hii. "Msizitegemee nafasi za masika," nikasema.

Taneli akauliza: "Kwa nini tusizitegemee?"

"Kwa sababu hakuna mkataba uliotiwa saini."

"Haujawahi kutiwa saini mwaka wowote," akasema Sohvi. "Mwaka jana ulitiwa saini Januari. Mama yangu yuko kitengo cha ukaguzi wa ubora, angejua. Wewe umesikia nini?"

"Siwezi kusema nilichosikia."

"Basi ni umbea."

Watu wakaguna. Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini Sohvi alisimama, akageukia wenzake kama mimi simo chumbani. "Miaka mitatu tunaambiwa Kiwanda, Kiwanda. Mwalimu huyu huyu alikuja shuleni kwetu, akatuonyesha slaidi. Mimi nimekataa nafasi ya kusoma Tampere kwa sababu ya slaidi zake. Mama amechukua mkopo wa nyumba hapa. Leo anakuja kusema msitegemee, na ukimuuliza kwa nini, anakuwa padri mwenye siri za kitubio! Au ni kiwanda cha simu bado kinakusumbua, Raakel? Kila kiwanda unachokiona unakiwekea jeneza?"

Hapo kitu kikanikatika. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya hasira, si ya mwalimu:

"Na mashine za Mtambo wa Tatu zinazorudishwa masandukuni sasa hivi, nimeziota pia?"

Taneli alikuwa tayari ameshika simu yake. Nilitaka kuyashika maneno yale hewani na kuyarudisha mdomoni, lakini neno si mbwa, huliiti likarudi.

Niliwaomba wasiyatoe nje. Walinitazama kama watu wanavyomtazama mtu anayeomba mvua isinyeshe.

Ijumaa, 18 Oktoba

Imetoka. Kwenye kundi la wanafunzi, kisha kwenye kundi la wenyeji wa mji, kisha mwandishi wa gazeti la mjini akanipigia. Sikupokea. Nilimpigia Ilmari. Hakupokea.

Jumatano, 23 Oktoba

Kiwanda kimetuletea keki. Mkurugenzi wao wa wafanyakazi, Annukka Rautio, mwanamke nadhifu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, alisimama mbele ya darasa langu na keki ya krimu ya ukubwa wa meza. "Mashine zinahamishwa, zinapangwa upya, ndiyo maisha ya kiwanda," akasema. "Sisi tunawangoja masika. Kuna mwenye swali?"

Sohvi aliuliza kama atathubutu kusema hivyo kwa maandishi. Nilishangaa; nilidhani yuko upande wao. Annukka akacheka. "Wewe ndiye tunayemtaka!" Hakujibu swali.

Walikula keki. Mimi nilisimama karibu na dirisha. Akiwa anatoka, Annukka alinishika kiwiko kwa upole. "Maneno yale ya masandukuni. Hayajui mtu yeyote ila wachache sana. Orodha yetu ni fupi."

Alhamisi, 24 Oktoba

Wamemsimamisha Ilmari kazi.

Pirkko ndiye aliyenipigia. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Alikuamini wewe peke yako," akasema. "Hata mimi mkewe hakuniambia. Wewe peke yako." Nikasema nitakwenda Kiwandani kusema kwamba si yeye. "Na utasema ni nani? Kaa ulipo, Raakel. Umeshafanya vya kutosha."

Niliendesha gari hadi kwao hata hivyo. Ilmari alikuwa uwanjani akipasua kuni. Alinisikia, akaendelea kupasua.

"Nilikasirika," nikamwambia. "Maneno yalinitoka."

"Wanafunzi wako wamehama?"

"Wengine wanahama."

"Basi umepata ulichotaka." Shoka likashuka. "Nenda nyumbani, dada."

Jumatatu, 28 Oktoba

Theluji ya kwanza. Imeyeyuka kabla ya saa sita.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mlango umefungwa. Nusu ya darasa langu wamehama, Taneli akiwamo, kwenda uhandisi wa umeme. Alikuja kuniaga na ovaroli yake begani, kwa sababu kule wanavaa rangi nyingine.

"Kama umekosea, Raakel," akasema, akijaribu kutabasamu, "nitakuwa nyuma ya wenzangu mwaka mzima bure."

"Najua."

"Sikulaumu. Nasema tu."

Sohvi amebaki. Amekaa kiti chake kile kile cha mbele, na viti vya kulia na kushoto kwake vitupu.

Jumatano, 6 Novemba

Moshi wa Kiwanda unapanda kila asubuhi kama kawaida. Natazama kutoka dirisha la jikoni kabla sijaweka kahawa, kama mgonjwa anayejipima homa. Naogopa usipopanda. Naogopa ukipanda.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekutana na Pirkko dukani, sehemu ya maziwa. Aligeuza kitoroli chake akarudi alikotoka. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinyooshea kidole mgongo wangu na kumwambia mwenzake, "Ndiye huyo, mama wa masanduku."

Alhamisi, 14 Novemba

Kiwanda kimemfukuza Ilmari kabisa. Kuvujisha siri za kampuni. Nimesikia kwa jirani.

Ijumaa, 15 Novemba

Wizara imetoa fungu. Shahada yetu imepata fedha za miaka mitatu, na barua yao inausifu "uhusiano wake imara na mwajiri wa eneo". Kalervo ameleta mikate ya mdalasini kwenye chumba cha walimu. Kila mtu alikula akijitahidi kutonitazama. Mwalimu wa fizikia akashindwa kujizuia: "Haya Raakel, na hizi fedha nazo ziko masandukuni?"

Nimekwenda maabara, nikajifungia, nikaosha chupa zilizokuwa safi. Kama mtambo utawashwa, nitakuwa nimemfukuzisha ndugu yangu kazi na kuwapotosha vijana nusu darasa, kwa kelele tu. Leo, kwa mara ya kwanza, nimejikuta nikiombea watu wengine mabaya ili mimi nionekane mkweli. Nimeandika hilo hapa ili nilione.

Taneli alinipigia jioni. Amefeli mtihani wa kwanza wa umeme. Alitaka kujua kama kuna habari mpya. Nikasema hakuna. Tukaagana, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekiondoa kitabu cha Kiwanda. Ni kitabu cha maelekezo walichotupa miaka minne iliyopita: bonyeza hapa, ngoja taa ya kijani, bonyeza pale. Tumekuwa tukifundisha kitabu hicho na kukiita sayansi.

Leo nimewapa waliobaki betri zisizo na jina. Nilizichukua kwenye pipa la kituo cha taka: za baiskeli, za misumeno, za vitu ambavyo sikuvitambua. "Niambieni hii ni nini, ina nini ndani, ina uzima gani, na mnajuaje. Kisha niandikieni ukurasa mmoja ambao mtu asiyesoma kemia ataelewa. Kompyuta isiwaandikie."

"Hii haimo kwenye mtaala," akasema Sohvi.

"Haimo."

"Na Kiwandani haitusaidii."

"Kiwandani haitawasaidia."

"Bado unaendelea na jeneza lako."

"Sohvi," nikasema, na safari hii sikukasirika, "mwaka ambao simu zilikufa, mtu mmoja aliniuliza ninajua kufanya nini. Nikamtajia mashine. Akasema mashine hiyo haipo tena, wewe unajua nini? Sikuwa na jibu. Sitaki ukose jibu."

Akaichukua betri kubwa kuliko zote, iliyovimba upande mmoja. Nilimwambia si hiyo, ni hatari, aiweke kwenye sanduku la mchanga. Akaiweka, akachukua nyingine, akafanya kazi mpaka mlinzi akaja kutufukuza.

Jumatatu, 25 Novemba

Ukurasa wa Sohvi ni mzuri. Nimeusoma mara mbili. Anaandika kwamba betri yake ilisoma uzima mkubwa kwenye kipimo cha kwanza, akaamua kutokiamini, akapima tena ikiwa na baridi, ndipo ikajifichua. "Kitu kinachojibu vizuri kinapoulizwa kwa upole," ameandika, "kiulizwe tena kikiwa kwenye baridi."

Nilidhani anaringa. Kumbe hajawahi kumwamini mtu yeyote kirahisi, si mimi, si Annukka, si kipimo. Huyu ndiye mwanasayansi, na mimi muhula mzima namwona msumbufu.

Ijumaa, 29 Novemba

Mchana umekuwa kipande kidogo cha kijivu kati ya magiza mawili. Moshi upo.

Jumanne, 3 Desemba

Leo moshi haukupanda.

Redio ilitangaza nikiwa na kikombe mkononi: Kiwanda kimeomba kufilisiwa. Mitambo yote miwili imezimwa. Wafanyakazi wameambiwa kwa ujumbe wa simu wasije.

Sikusikia furaha hata chembe. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na koti langu.

Niliingia darasani nikitarajia viti vitupu. Walikuwepo wote. Na wale waliohama walikuja pia, wamesimama ukutani kwa ovaroli zao za rangi nyingine, Taneli mbele yao. Hakuna aliyewaita. Macho ya Sohvi yalikuwa yamevimba. Mama yake alikuwa kwenye zamu ya usiku. Ujumbe ulimkuta akiwa bado ndani, amevaa kofia ya kazi.

Sohvi ndiye aliyeanza.

"Ulijua."

"Nilijua kuhusu Mtambo wa Tatu. Mengine nilihofia."

"Ulijua na hukuniambia kwa namna ambayo ningeweza kuamini." Akasimama. "Ulianza na methali za mayai. Kisha ukakasirika, ukanitupia masanduku usoni kama jiwe. Ungeniita pembeni, Raakel. Ungeniambia: nina mtu wangu ndani, siwezi kumtaja, na ninaogopa. Ningekuamini. Nilikuona unaogopa, lakini uliifunika kwa ualimu."

Taneli akasema taratibu, "Sohvi, si yeye aliyekifilisi."

"Najua si yeye! Unadhani sijui?"

Nikasema, "Umesema kweli." Yapo maneno mengi ambayo mwalimu huweza kuongeza baada ya hayo. Sikuongeza.

Kisha nikawauliza swali moja tu: nani anahitaji nini, leo? Lilichukua muda, lakini walianza. Mmoja hawezi kulipa chumba bila ile kazi ya Jumamosi Kiwandani. Mwingine anaogopa kumpigia baba yake. Waliohama wakasema vitabu vyao vya umeme wataviacha maabara kwa yeyote atakayetaka kuwafuata. Taneli, aliyefeli mtihani, akawaambia asiingie mtu kule bila kurudia hesabu za mwaka wa kwanza, "maana mimi nimeumia, nyinyi msiumie". Hapo watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Lakini mlango wa kuhama umefungwa tangu Oktoba. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja.

Jumatano, 4 Desemba

Kalervo ameniita. Safari hii yeye ndiye aliyefunga mlango.

"Nimeufungua usajili wa kuhama mpaka mwisho wa Januari," akasema.

"Una mamlaka hayo?"

"Sina. Wizara wakiuliza, nilikosea tarehe. Mimi ni mzee, nakosea tarehe." Akanisukumia kikombe cha kahawa. "Na lile fungu la miaka mitatu halina jina la Kiwanda kwenye masharti. Lina jina la shahada. Nililisoma mara nyingi kabla sijatia saini. Tutaifundisha shahada nyingine chini ya jina lile lile, kama hiyo ya betri zako za jalalani."

Nilimtazama. "Ulinisikia siku ile."

"Nilikusikia vizuri sana. Ningekujibu, fedha zisingekuja." Akanywa. "Annukka alitaka nikuondoe darasani. Nikamwambia nina shughuli."

Siku zote nimemwita mwoga. Sina neno jipya la kumwita bado. Lakini yeye kwa kunyamaza amewaokoa waliobaki, na mimi kwa kusema nimewaokoa waliohama, na kati yetu wawili ni ndugu yangu peke yake aliyelipa.

Ijumaa, 6 Desemba

Siku ya Uhuru. Mishumaa miwili dirishani, kama kila nyumba. Nyumba ya Ilmari naiona ng'ambo ya ghuba. Wamewasha.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda na waliobaki kituo cha maji cha wilaya, kilomita arobaini bara. Wana maabara ndogo na mkemia mmoja anayekaribia kustaafu, bwana mpole aliyeuliza kama kuna anayejua kupima kitu asichokijua. Darasa zima lilimtazama Sohvi.

Jumatatu, 16 Desemba

Sohvi amepata mazoezi ya masika kwenye kituo hicho. Alikuja kuniambia mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Si betri," akasema. "Ni maji machafu ya watu elfu thelathini."

"Umefurahi?"

"Mama anasema angalau choo hakifilisiki." Akacheka, kisha uso ukarudi mahali pake. "Bado nina hasira na wewe."

"Kaa nayo mpaka utakapoimaliza."

"Barua ya maombi niliiandika mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Wengine bado hawajapata. Wawili wameacha chuo. Sitajifanya kwamba hesabu imekaa sawa.

Alhamisi, 19 Desemba

Muhula umekwisha. Bango la mlangoni limeshushwa. Fundi aliniuliza kama ninalitaka. Sikulitaka.

Jumanne, 24 Desemba

Mkesha wa Krismasi. Nilikuwa nimeshajipikia uji wa wali, wa mtu mmoja, simu ikaita. Ilmari. Hatujazungumza tangu siku ya kuni.

"Wamenirudisha," akasema, bila salamu. "Wale wafilisi. Hakuna mwingine anayejua jinsi ule Mtambo wa Tatu ulivyosimikwa. Kazi mpaka Aprili."

"Kazi gani?"

"Kupakia masandukuni."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka, lakini nilisikia pumzi yake ikilegea kidogo.

"Baada ya Aprili?" nikauliza.

"Baada ya Aprili, Norway. Au sijui." Nyuma yake watoto walikuwa wakipiga kelele. "Yule binti aliyesimama kukupinga darasani. Mji mzima umesikia habari zake. Amepata pa kwenda?"

"Amepata."

"Vizuri."

Nilingoja. Huyu ni mdogo wangu. Najua anapotafuta neno na anapokuwa amelipata asilipende.

"Dada."

"Naam."

"Sijakusamehe."

"Najua, Ilmari."

"Pirkko anauliza utakuja saa ngapi."

Niliutazama uji wangu. "Saa tisa?"

"Njoo saa nane," akasema. "Barabara ina barafu, na giza linaingia mapema."